Dole Gumba la Mama

Ofisi yetu ilipohamia Dodoma, mimi nilikuwa mtu wa mwisho kwenye idara kufungasha. Wenzangu walikwenda, wakatafuta nyumba, wakazoea vumbi, wakaanza hata kuzisifia zabibu. Mimi nilibaki Dar, pale Posta, na mafaili yasiyotakiwa na mtu, na kila nilipoulizwa nilikuwa na jibu moja: baba anaumwa. Haukuwa uongo. Figo zilikuwa zinammaliza, na watoto wake tulikuwa wawili tu, mimi na kaka yangu aliyezaliwa na mke wa kwanza wa baba, anayeishi Tabata na shughuli zake. Baba alipofariki, udhuru wangu ulizikwa naye. Kabla mwezi haujaisha nilikuwa nimesimama katikati ya sebule tupu, ghorofa ya tatu, Dodoma, nimeshika funguo mbili mpya.

Nitasema ukweli: nilifurahi. Msiba ulikuwa bado mbichi, macho yamevimba, lakini nilifurahi. Nilikuwa na miaka arobaini na moja na sikuwahi kuwa na mlango wa kwangu peke yangu. Nilizaliwa Kariakoo, upande unaopakana na Gerezani, kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, uani nyuma. Viwili vyetu, vingine vya wapangaji, choo kimoja cha wote. Niliolewa, nikaachika, nikarudi chumba kilekile. Sasa nilikuwa na jiko langu, choo changu, na vigae ambavyo nikishavipiga deki hapiti mtu na kandambili zake za uani. Siku ya kwanza nilivipiga deki mara mbili, nikakaa chini kuvitazama.

Furaha hiyo ndiyo iliyoniponza, ndiyo maana nimeanza nayo.

Nyumba yetu ya Kariakoo ilikuwa imebaki peke yake. Kulia ghorofa, kushoto ghorofa, mbele maduka ya jumla, na maji ya viyoyozi vya majirani yalitudondokea uani mchana kutwa. Jua lilitufikia saa sita, likaondoka kabla nguo hazijakauka. Kila mwenye nyumba pale mtaani alishauza au kuingia ubia na wajenzi, na madalali walikuwa wanakuja kwetu kama wachumba. Baba aliwafukuza wote. Siku zake za mwisho alituita mimi na kaka, akamnyooshea mama kidole akasema, "Huyu asitolewe humu ila kwa jeneza." Kaka akaitikia, nami nikaitikia. Mama aliingia nyumba ile akiwa mwali kutoka Lindi. Hajui kwingine, wala hataki kujua. Tuliloahidi halikuwa jambo kubwa: aachiwe chumba chake mpaka Mungu amchukue.

Arobaini ya baba ilinikuta nimeshahamia Dodoma. Nilikuja kwa treni Jumamosi, nikashuka na begi na mfuko wa zabibu, nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani nikipishana na maguta na wapagazi wanaopiga kelele za "mzigo huo, pisha!" Jumapili ikasomwa hitma. Wanaume walikaa ukumbini na barazani, wanawake uani kwenye masufuria ya pilau. Mama alikuwa chumbani. Alikuwa kwenye eda, miezi minne na siku kumi, hatoki, hachanganyiki na wanaume wasiokuwa wa kwake, amejifunga kaniki, anasoma msahafu na kupokea wanawake wanaokuja kumpa pole.

Mimi akili yangu haikuwa hapo. Nilikuwa nimekata tiketi ya jioni, kwa sababu Jumatatu asubuhi fundi bomba angekuja kunifungia tangi la maji. Nimelirudia jambo hili kichwani mara nyingi mno, na kila mara linakuwa dogo zaidi: tangi la maji.

Baada ya dua wanaume wa ukoo walibaki ukumbini, wakakaa kikao cha mirathi. Tulishakubaliana kwenye simu kwamba kaka ndiye awe msimamizi. Ni mkubwa, ni mwanamume, na ndivyo watu wanavyofanya. Nusu saa haikuisha akaja uani akanikuta nafunga zipu ya begi langu. Alishika karatasi zilizobanwa pini, zimekunjwa nyuma mpaka ukurasa wa mwisho. Ukurasa huo ulikuwa na majina yetu na nukta za kuwekea sahihi.

"Dada, saini hapo fasta. Mahudhurio ya kikao. Kesho kutwa napeleka mahakamani."

Nikasaini. Asiyewahi kufanya kazi serikalini ataniona mjinga, na aliyefanya ataelewa. Sisi tunasaini mahudhurio kabla hatujaketi. Karatasi inapita, unatafuta jina lako, unaweka sahihi, unampa wa pembeni. Kwenye semina tunasaini asubuhi na mchana, na wapo wanaosaini wakaondoka. Katika miaka yote niliyokaa ofisini sikuwahi kumwona mtu amefunua karatasi ya mahudhurio kutazama ina nini nyuma.

"Na mama mdogo aweke dole," kaka akasema, akanipa kidau cha wino. "Ingia naye wewe, mimi siwezi kuwaacha wazee pale."

Nikaingia. Mama alikuwa kitandani, msahafu umefunguliwa mapajani. Herufi za Kiarabu anazisoma vizuri kuliko shehe wa mtaani. Za Kirumi hakufundishwa, na sasa hata macho yana ukungu. Akaitazama ile karatasi kama mtu anayetazama mgeni mlangoni.

"Imeandikwa nini?"

"Mahudhurio tu, mama. Kwamba kwenye kikao ulikuwepo."

"Mimi sikuwepo. Mimi nipo humu ndani."

"Wanakuhesabu upo."

Akacheka kidogo, mara yangu ya kwanza kumwona anacheka tangu mazishi. "Haya, wewe ndiye msomi," akasema, akanipa mkono. Nilimshika dole gumba la kulia, nikalibonyeza kwenye wino, nikalibonyeza kwenye karatasi mbele ya jina lake. Nikalifuta kwa pembe ya khanga yangu. Nikambusu paji la uso, nikawahi treni.

Kule Dodoma maisha yalikaa sawa. Midomo ilipasuka kwa ukavu, nikajifunza kupaka mafuta. Jengo zima tulikuwa watu wa Dar. Ijumaa jioni milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine, mabegi yakashuka ngazi, na mtu ukiulizwa unaenda wapi ulijibu "nyumbani" bila kufikiri, ingawa kitanda ulichonunua na sufuria zako zote viko hapohapo. Mimi sikwenda sana. Nilimpigia mama kila siku baada ya magharibi, akanipa habari za uani. Kwenye kundi la familia la simu, kaka aliweka ujumbe kwamba tangazo la mirathi limebandikwa mahakamani, mwenye pingamizi aseme. Nilikuwa nachagua mapazia. Nikajibu "Amina," kama nilivyojibu kila kitu kwenye kundi lile.

Siku mama alipomaliza eda nilikuja kumtoa. Kwetu mwanamke hatoki eda kimyakimya: anaogeshwa, anavalishwa nguo mpya, anatiwa udi, kisha anapelekwa kusalimia watu wake. Nilipita madukani nikamnunulia doti ya khanga na kanzu nyepesi, nikaingia mtaani kwetu na moyo mweupe kabisa. Mangi, mpangaji wetu wa chumba cha mbele mwenye duka la vyakula, alikuwa nje anang'oa rafu za duka lake kwa nyundo.

"Mambo, Mangi? Unakarabati?"

"Poa, dada. Nakarabati wapi? Nahama. Si mwisho wa mwezi tunatakiwa tuwe tumetoka?"

"Kutoka kwenda wapi?"

Akaishusha nyundo. Ni Mchaga wa Rombo, mtu wa maneno machache, amekaa kwetu tangu mimi nasoma sekondari. "Dada, usinichezee. Mnauza. Wapimaji wamekuja mara mbili. Kaka yako alinionyesha karatasi, saini yako nimeiona, na dole la bibi nimeliona."

Niliingia ndani nikamwogesha mama. Sikumwambia kitu. Nilimmwagia maji, nikamsugua mgongo uliokonda, naye akawa ananieleza mipango yake: sasa kwa kuwa yuko huru atapaka chokaa ukumbini, na yule mpangaji wa nyuma amwambie afunge bomba vizuri. Nikaitikia kila kitu. Nilimvalisha kanzu, nikamfukiza udi, akapendeza, nikampeleka kusalimia watu wake.

Kesho yake kaka alikuja nilipompigia. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, tukakaa ukumbini kama watu wanaoheshimiana. Akazitoa zile karatasi, kumbe ni muhtasari wa kikao. Ukurasa wa pili, aya ya nne: wanafamilia kwa kauli moja wameridhia nyumba iuzwe, na mjane atafutiwe makazi mengine ya staha. Mnunuzi ni mfanyabiashara mwenye maduka ya mtaa wa pili, na walishaandikiana.

"Ulisema mahudhurio," nikamwambia.

"Na mahudhurio si yale pale? Kikao kilikaa, hayo ndiyo yaliyozungumzwa, na hawa ndio waliohudhuria. Nilikuzuia kusoma?"

"Baba alisema nini, kaka?"

Akazikunja zile karatasi. Sitaki kumfanya shetani. Ana watoto wanne na biashara inayoyumba, na alishajishawishi kwamba anafanya wema. "Dada, wewe umeshahama," akasema. "Una nyumba nzuri huko, ya vigae. Mama mdogo anabaki huku na maji ya viyoyozi juu ya kichwa. Chanika kuna nyumba ina uwanja, ina hewa. Au unataka uje Kariakoo mara moja kwa miezi minne, upige picha, urudi?"

Nilimtukana. Maneno niliyomtolea sitayaandika, na wapangaji walifungua milango kusikiliza. Lakini wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na aliyekuwa nguoni mwa mama hakuwa kaka. Kaka alikuwa ukumbini. Chumbani niliingia mimi.

Nilimwambia mama jioni ileile, nimekaa sakafuni, yeye juu ya kitanda. Nilimwambia karatasi ilikuwa ya nini na nani aliyeliweka dole lake pale. Aliuliza jambo moja tu.

"Ulisoma?"

"Sikusoma, mama."

Akaigeuza mikono yake akaitazama, huku na huku. "Basi," akasema. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na akanipa khanga mpya nijifute.

Niliomba likizo ofisini. Tukaenda mahakamani, mimi na yeye, kuuliza kama jambo linaweza kutenguliwa. Karani alikuwa mzee mwenye miwani, mpole, akatukaribisha kwenye benchi na kunisikiliza mpaka mwisho. Akasema inawezekana. Mjane ana haki zake, na hakimu hawezi kupuuza kama dole lake lilichukuliwa bila kusomewa. Ila lazima aje mwenyewe, aape, aeleze kwamba hakusomewa, na ataje ni nani aliyemwambia karatasi ni ya mahudhurio.

"Ni mimi," nikasema.

Karani akanitazama juu ya miwani. "Wewe ni mtumishi wa serikali?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi ujue unachokifungua. Kumchukua mtu asiyejua kusoma dole lake kwa maneno yasiyo ya kweli, mwenye nia mbaya anaweza kuligeuza jinai. Sikutishi, mwanangu. Nakwambia ulijue."

Nikasema niko tayari, na nilikuwa tayari, au nilidhani. Tulipokuwa tunashuka ngazi mama alinishika kiwiko.

"Jinai ndiyo jela?"

"Hakuna atakayefungwa, mama. Wewe sema ukweli tu. Sema nilikwambia ni mahudhurio."

"Na kazi yako?"

"Mama, sema ukweli."

Akaitikia kwa kichwa. Wiki mbili za kusubiri nilibaki naye, nikalala chumba changu cha zamani. Kila asubuhi nilimkumbusha: utaulizwa hivi, utajibu hivi. Kila asubuhi alisema, "Nimesikia."

Siku ya shauri chumba kilikuwa kidogo na watu walikuwa wachache. Hakimu alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi, sauti yake ya chini. Kaka alikaa upande wake, amevaa kanzu, haangalii mtu. Mama aliitwa. Alisogea polepole mpaka mbele, akapewa msahafu, akaushika kwa mikono miwili namna anavyoushika nyumbani, akaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba atasema kweli tupu.

Hakimu akamsomea ule muhtasari wote, polepole, mpaka aya ya nne. Kisha akamuuliza kama dole lile ni lake.

"Ni langu."

"Kabla hujaliweka, ulisomewa maneno haya niliyoyasoma?"

Mama alikuwa amenipa mgongo. Niliona mabega yake yakipanda na kushuka mara moja chini ya ile kanzu mpya.

"Nilisomewa."

"Na nani, mama?"

"Na mwanangu huyo. Alinisomea yote, mwanzo mpaka mwisho. Nikaridhia."

Kaka akainua uso. Alijua kama nilivyojua mimi, na kwa mara ya kwanza tangu jambo lile lianze niliona ana haya. Hata yeye hakutegemea kushinda namna ile. Hakimu aliandika, kalamu ikakwaruza karatasi, kisha akanigeukia mimi niliyeleta ombi.

"Una swali lolote kwa shahidi?"

Nikasimama. Ilikuwa nafasi yangu, tena ya halali kabisa. Nilitakiwa tu kusema mheshimiwa, mama yangu ananikinga. Maneno yalikuwa mdomoni. Nikamwona mama amegeuka ananitazama, anatikisa kichwa kidogo sana, kama zamani akinikataza kuomba chakula kwenye nyumba ya watu. Ningependa kusema nilimtii. Lakini katika sekunde zile niliwaza pia mwajiri wangu, barua ya kusimamishwa, na ile sebule ya vigae ghorofa ya tatu.

"Sina swali, mheshimiwa."

Nje tulisimama chini ya ukuta kusubiri bajaji. Nilimuuliza kwa nini. Nilimuuliza kwa hasira, nikamshika bega, watu wakatutazama. Alinitoa mkono taratibu.

"Nyumba ilikuwa ya baba yako," akasema. "Wewe ni wangu."

Tulimhamisha kabla ya mwisho wa mwezi, mchana, kwa kigari kimoja cha mizigo, kirikuu. Vitu vyake havikujaza hata nusu. Kuja Dodoma alikataa. Alisema ngazi ni nyingi na hajui mtu. Pale petu Kariakoo sasa kuna uzio wa mabati na kelele za zege, nami nikipita napita upande wa pili wa barabara.

Ijumaa jioni ninashuka ngazi na begi kama wenzangu, napanda treni, kisha natafuta usafiri wa Chanika. Nyumba ni nzuri, sitasema uongo, ina uwanja na mchicha. Mara nyingi namkuta kwenye mswala. Zamani alikuwa akishatoa salamu anainuka kwenda kutazama sufuria. Siku hizi anabaki pale muda mrefu baada ya kila swala, ameinama, anaomba msamaha kwa kiapo alichokula, na mimi nakaa mlangoni na mfuko wangu wa zabibu nikimsikia anaitubia dhambi ambayo ni yangu.